Ichore kwa Ajili ya Mwaka wa Tatu

Siku ya makabidhiano kila bustani hupendeza. Nyasi za pasipalamu zimetandikwa juzi kama mkeka wa harusi, maua yametolewa kwenye viriba yakiwa yameshachanua, pevingi zimepigwa maji zinang'aa, watu wanapiga picha. Mimi siku hiyo huwa sina neno. Neno langu ni la mwaka wa tatu: mkandarasi keshachukua fedha zake za mwisho, kijana wa kumwagilia kaenda kuendesha bodaboda kwa sababu mshahara umekatika miezi miwili, na wakazi wanarushiana maneno kwenye kundi la WhatsApp kuhusu mchango wa elfu tano. Bustani itakayokuwa hai wakati huo ndiyo ninayotaka ujue kuichora.

Nimefanya kazi hii Tanga miaka 22. Nilianza kwa kuuza miche kwenye makopo ya maziwa kando ya barabara Chumbageni. Sasa naitwa kwenye viwanja vipya, Kange, Pongwe, Mwambani, kokote greda linakopita. Nimeshaharibu vya kutosha, na mengi nitakayokuambia nimeyajua kwa kuharibu.

Nenda mvua ikinyesha

Kabla hujashika penseli, nenda kiwanjani mvua ikinyesha. Si baada ya mvua. Vaa mabuti, chukua mwavuli na vigingi 20 vilivyopakwa rangi, upige kimoja kila mahali maji yanapoingia, yanapokimbia na yanapolala. Masika tunayo Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba; mradi wa mwaka mzima hauwezi kusema haukuipata mvua.

Kisha uliza wenyeji. Kwenye mradi mmoja wa nyumba 36, upande wa barabara ya Segera, nilimaliza vigingi vyangu nikajiona hodari. Akapita bibi mmoja na sinia la vitumbua kichwani, kalifunika nailoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapo mnajenga nini?"

"Uwanja wa watoto, bibi."

Akacheka mpaka sinia likatikisika. "Hapo alikuwa akilima mpunga shemeji yangu."

Mpunga! Ramani ya mhandisi ilionyesha pakavu, na siku ile kweli palikuwa pakavu, kwa sababu greda lilikuwa limeziba njia ya maji juu kule. Uwanja wa watoto tukausogeza mita 40, na pale kwa shemeji tukapaacha pawe bonde la nyasi la kupokea maji ya mvua kubwa. Masika iliyofuata yalijaa mpaka kwenye magoti, yakanywewa siku ya pili. Vitumbua vyake nilinunua vyote.

Maji yakishajulikana, hesabu zake ni nyepesi. Kutoka ukuta wa nyumba, mita 3 za kwanza ardhi ishuke angalau sentimita 5 kwa kila mita. Huhitaji mashine, mpira wa leveli wa fundi mwashi, ule wa plastiki unaoona maji ndani, pamoja na kamba na vigingi viwili, vinatosha. Kisha pima kama ardhi inakunywa. Chimba shimo la upana wa ndoo, kina cha sentimita 40, lijaze maji uyaache yaishe. Lijaze mara ya pili, utie kijiti chenye alama. Yakishuka sentimita 2 kwa saa au zaidi, hapo unaweza kuchimba shimo la kokoto la kunyonya maji ya gata, mradi likae mita 3 au zaidi kutoka kwenye msingi. Yakigoma, usilazimishe; yatafutie mtaro wa kutoka, na mtaro huo uwe mpana, wa nyasi, mbavu zake zimelala. Mtaro mwembamba wenye kingo zilizosimama ndio unaovunja miguu ya watoto usiku, na ndio unaojaa takataka.

Lengo lako liwe hili: maji yoyote yanayosimama yawe yamekwisha ndani ya siku 2. Kwa joto letu mbu huhitaji kama siku 7 hadi 10 kutoka yai mpaka kuruka, kwa hiyo siku 2 zinakupa nafasi ya kutosha. Bwawa la mapambo lenye samaki wa rangi lipendeze kwenye hoteli inayolipa mtu wa kulitazama. Kwenye mtaa wa nyumba za watu, pampu ikifa mwaka wa pili utakuwa umefuga malaria na dengi kwa gharama yako mwenyewe.

Udongo uliofichwa chini ya kifusi

Hili laiti ningeliambiwa mapema. Greda linapoingia, kitu cha kwanza linachofanya ni kukwangua udongo wa juu na kuusomba kwenda usikokujua. Ule udongo ndio shamba lako lote. Muone mkandarasi kabla hajaanza, na iandikwe kwenye mkataba: sentimita 15 za juu zikusanywe fungu moja pembeni, lisikanyagwe na magari, lirudishwe mwisho. Usipofanya hivyo utanunua udongo wa lori baadaye, nao utakuja na mbegu za magugu ya shamba la mtu.

Swali la pili waulize vibarua, usimuulize msimamizi: zege lilikuwa likichanganyiwa wapi? Watakuonyesha. Pale saruji imeshuka ardhini na kuganda, na mti utakaoupanda utadumaa mpaka uchoke kuutazama. Chimbua, toa, weka udongo mwingine, au fanya pawe maegesho ya pikipiki. Okota misumari na vioo kwa mikono kabla ya kutandika nyasi, hasa patakapochezewa. Mimi hupitisha reki mara tatu, na mara ya tatu bado hupata.

Ukiwa karibu na bahari, Raskazone au Sahare, utakutana na mwamba wa matumbawe. Jembe linazama shibiri moja, kisha unasikia ngaa. Hapo shika mtaimbo. Shimo la mti liwe sentimita 60 kila upande, na zivunje zile kuta za shimo ziwe na nyufa, kwa maana shimo lililochongwa laini kwenye mwamba ni chungu cha maua tu: mizizi itazunguka humo humo mpaka ijinyonge. Mimina debe la maji uone kama yanapenya kabla hujapanda. Jani likija kuwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani, usikimbilie kumwaga maji wala mbolea ya chumvichumvi. Ile ni chokaa ya mwamba inayouzuia mti kupata madini ya chuma. Ongeza mboji mara kwa mara, na mara ijayo chagua mti uliozoea pwani.

Macho, miguu na midomo ya watoto

Mkonge ndio uliojenga mji huu. Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa hiyo kila mchoraji anayekuja kutoka mbali hutaka kutufurahisha watu wa Tanga kwa mikonge ya mapambo. Na kwa matunzo hauna mpinzani: hautaki maji, hautaki mbolea, mbuzi hauli.

Mwaka mmoja nilipanda mikonge 9 kuzunguka bembea, kama mchoro ulivyosema. Ilinipitia akilini kwamba ncha zake ziko usawa wa uso wa mtoto, nikanyamaza kwa sababu mchoro una muhuri. Mwezi wa nne mtoto wa miaka 5 aliruka kutoka kwenye bembea, ncha ikampita chini ya jicho. Nafasi iliyobaki ni ya punje ya mchele. Niliing'oa yote jioni ile ile, bila kumuuliza mwenye muhuri, nikapanda mchaichai. Kovu la yule mtoto lipo, na mama yake tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, jambo linalonisumbua zaidi kuliko kama angenitukana.

Tangu siku hiyo chochote chenye ncha au miiba, mkonge, mchongoma, bogenvilia, hakikai chini ya mita 2 kutoka njia ya miguu au mahali pa kuchezea. Bogenvilia nzuri ipande ukutani, juu, inakozuia mwizi. Mkonge ukiutaka kabisa, ukae katikati ya kisiwa cha barabara, na ncha zikatwe kwa mkasi kila zinapotoka.

Halafu sumu. Mmea ambao mbuzi hauli, jiulize kwa nini. Oleanda, yule mwenye majani kama visu na maua ya waridi, ana sumu ya moyo kuanzia jani hadi mzizi, na ndugu yake wa maua ya njano ya kengele vivyo hivyo. Mbono kaburi una mbegu tamu mdomoni, ndiyo maana watoto hula nyingi kabla tumbo halijawageuka. Mbarika ni mbaya zaidi. Mnyaa unapendwa kwa ua la uzio kwa kuwa ni wa bure, lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kumwacha mtu haoni. Anayeukata avae miwani, na ukimrukia aoshwe kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali. Kwenye mtaa wenye watoto, hii yote mimi siipandi. Wauza miche wenzangu wananiona mwoga.

La mwisho katika usalama ni macho ya dereva. Kwenye kona na kwenye vivuko, vichaka visizidi sentimita 60, na matawi ya miti yaanze juu ya mita 2, ili mwenye bajaji amuone mtoto na mtoto aione bajaji. Katikati ya vipimo hivyo viwili pawe wazi. Hata mama anayerudi usiku anapenda kuona mtu aliyesimama nyuma ya mti kabla hajamfikia. Panga taa na miti kwenye mchoro mmoja. Nimeona mkungu ulioimeza nguzo ya taa mpaka mtaa ukarudi kutumia tochi za simu. Njia za miguu ziwe na upana wa mita 1.5, zenye uso wa kukwaruza. Pevingi laini chini ya kivuli huota ukungu wa kijani wakati wa masika, na mzee akianguka hapo ni nyonga. Penye ngazi pawe na mteremko pia, mita 12 za mwendo kwa kila mita 1 ya kupanda, kwa ajili ya kiti cha magurudumu, toroli na mwenye mimba.

Miti, na ugomvi wake

Mhandisi mmoja kijana aliniambia, "Mama, mwekezaji anataka mitende ya kifalme pande zote mbili." Nikamwuliza, "Mwanangu, magari yataegeshwa wapi?" Chini yake. Kuti moja la mtende ule lina uzito kupita wa mtoto mchanga, nalo huanguka lenyewe, halibishi hodi. Mnazi nao ndiyo hivyo hivyo, na ukiongeza nazi. Mnazi unafaa penye nyasi ambapo mtu hapiti wala haegeshi, na pawe na mkwezi wa kuangua kila miezi mitatu. Kama mkwezi hayumo kwenye bajeti, mnazi usiwemo kwenye mchoro.

Mwembe kwa kivuli haushindiki, lakini uweke mbali na madirisha. Hatari haitoki kwenye embe. Hatari ni mawe ya watoto wanaolitafuta embe. Mita 15 kutoka kioo chochote, na hapo bado utanunua vioo viwili vitatu.

Mfikasi ndio aibu yangu. Nilipanda safu ya mifikasi 14 kando ya mtaro wa maji taka kwa sababu inakua haraka na mteja alitaka kivuli kabla ya uchaguzi wa kamati. Mwaka wa nne mizizi iliinua pevingi kama mtu anayenyanyua shuka, ikaingia kwenye chemba, na choo cha nyumba ya tatu kikarudisha. Kung'oa kuligharimu kuliko kupanda. Siupandi tena penye bomba, labda katikati ya uwanja mpana.

Mwarobaini upe mita 6 kutoka ukutani. Hauna kiu, unavumilia mwamba, na kivuli chake ni kizuri. Mvinje ni wa pwani, unakinga upepo wa kusi na hauogopi chumvi, lakini vijani vyake vya sindano huziba gata na kuua nyasi, kwa hiyo ukae mpakani. Mkungu una kivuli kama paa na watoto wanaupenda kwa kungu zake. Popo nao wanazipenda, basi usiuweke juu ya kamba za kuanikia nguo. Chini ya nyaya za TANESCO panda vifupi tu: mkomamanga, mlimau, asumini. Mti mrefu chini ya waya utakatwa kichwa kila mwaka, utabaki kilema.

Mkilua weka mmoja karibu na baraza. Hauna haraka, haufuniki kitu, hauna faida ya kihandisi. Siku ukitoa ua, ukilinusa utajua kwa nini.

Kwenye miteremko sahau nyasi. Panda vetiva kwa mistari inayokata mteremko, sentimita 15 kati ya shina na shina; mizizi yake inashuka moja kwa moja mita 2 hadi 3 na kushika udongo. Penye mteremko mdogo, mchaichai. Wakazi wataukata wenyewe kwa ajili ya chai, na hapo umepata wafanyakazi wa bure.

Punguza nyasi

Nyasi ndizo zinazokula pesa. Wakati wa mvua zinataka kufyekwa kila baada ya wiki mbili, na kiangazi zinataka maji. Basi ziwe mahali panapokaliwa na kuchezewa peke yake. Vile vipande vya pembetatu kati ya barabara na ukuta usivipe nyasi hata kidogo. Pasipalamu inavumilia chumvi na maji kutuama; ukoka unavumilia jua na miguu. Mimi hupendelea ukoka, maana hata ukikauka Februari, mvua ya kwanza ikigusa unafufuka.

Kwingine kote funika ardhi kwa matandazo, unene wa sentimita 7 hadi 10. Tanga tuna makumbi ya nazi bwerere. Kuna namna ya kuyapanga, nayo ni hii: kumbi lina tumbo na mgongo. Tumbo ndilo lililoshikilia nazi. Likilala mgongo chini ni kikombe, mvua ikinyesha una vikombe elfu vya mbu. Lilaze tumbo chini, mgongo juu, kama kobe, na lipishane na mwenzake kama vigae. Vifuu usivitumie kabisa. Acha nafasi ya kiganja kati ya matandazo na shina, la sivyo shina linaoza, na mchwa wanapata ngazi.

Kumwagilia panga hivi. Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi, si siku ya ufunguzi. Kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi inapokausha kila kitu, mti mchanga upewe ndoo moja ya lita 20 mara moja kwa wiki, polepole, kwenye sahani ya udongo kuzunguka shina. Kikombe kila siku kinafundisha mizizi kukaa juu. Fanya hivyo viangazi viwili, kisha uache. Mti unaodai maji mwaka wa tatu ulichaguliwa vibaya. Weka bomba la kuunganishia mpira kila mita 30, maana nikiona ndoo inabebwa mita 100 najua mti wa mwisho hautafikiwa.

Mbuzi nimewataja lakini sijamaliza. Kwenye mtaa mpya ukuta haujakamilika na mbuzi wa jirani wana desturi ya eneo lile kabla yako. Usigombane na jirani. Kila mche uzungushie fito nne na miiba mikavu, juu kupita shingo ya mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili. Ndiyo, husimama.

Matunzo yenyewe, ukichora hivi, ni siku chache: kabla ya masika na kabla ya vuli safisha gata, chemba na mitaro, kata matawi yanayogusa waya na taa, ongeza makumbi. Andika hayo kwenye karatasi moja, ibandike kwenye kibanda cha mlinzi, na umkabidhi nakala mwenyekiti wa mtaa.

Kuna jambo dogo linalosahaulika kila mradi. Miche mirefu hufungwa kwenye mti wa kuegemea ili upepo usiitikise. Tumia ukanda wa mpira wa baiskeli, ufunge mfano wa nane, usitumie waya. Na baada ya mwaka mmoja ufunguliwe. Niko na mkungu mmoja Kange, wenyewe walifunga waya wakausahau. Sasa waya umo ndani ya shina, gome limeufunika kama pete kwenye kidole kilichovimba, na juu ya pale mti umeanza kuinamia upande wa barabara. Wiki ijayo naenda na msumeno.